Safisha Simu Kabla Hujagusa Ngozi: Mwongozo Kamili kwa Mabinti wa Kusini

Nina saluni hapa Mtwara mjini. Mabinti wanaokaa kwenye kiti siku hizi hawaelezi wanachotaka, wanakionyesha. Simu inatoka mkobani, picha inafunguliwa, kidole kinakwenda kwenye shavu au kiuno cha mtu aliyeko Dar es Salaam, Lagos au mahali pasipojulikana, kisha linakuja swali: "Dada, na mimi naweza kuwa hivi?" Likiwa swali la nywele, jibu ninalo. Mara nyingi si la nywele. Ni la rangi, la pua, la tumbo, na anayeuliza ana miaka 17 au 20, ngozi yake haina hata kipele.

Mwongozo huu ni wake. Ni wa mama yake pia, shangazi yake na somo yake aliyemfunda unyagoni, kama wanataka kumsaidia badala ya kumgombeza. Ninachokisimamia ni hiki: binti asibadilishe chochote mwilini kabla hajabadilisha kinachoingia kwenye simu yake. Simu inarekebishika ndani ya wiki chache bila gharama. Ngozi iliyochubuliwa inachukua muda mrefu kupona, na nyingine hairudi ilivyokuwa.

Simkatazi mtu kujipamba. Riziki yangu inatokana na kupamba watu, na najua mwanamke aliyesukwa akasukika anavyotembea akitoka mlangoni. Ninachokipinga ni binti kufika mahali akauona uso aliozaliwa nao kama kosa linalotakiwa kusahihishwa.

Hatua ya 1: Jifunze kuisoma picha

Anza na picha zako mwenyewe, kwa sababu nyingi zinakudanganya bila mtu yeyote kukusudia. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu yao kwenye jarida la upasuaji wa uso: selfi iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko picha iliyopigwa kutoka mita moja na nusu. Ni jambo la umbali tu. Kilicho karibu na kamera hukuzwa, na pua ndiyo iliyo karibu kuliko vyote. Kuna watu waliokwenda kwa daktari kuomba wapunguzwe pua kwa sababu ya picha za aina hiyo.

Jaribu mwenyewe. Mchukue shoga yako mkasimame nje penye kivuli chenye mwanga, chini ya mwembe au mkorosho, asubuhi kabla jua halijawa kali. Jipige selfi kama ulivyozoea, mkono ukiwa umekunjika kidogo. Kisha mpe yeye simu, arudi nyuma hatua tatu, ageuze kamera ya nyuma, akupige usawa wa macho. Ziweke picha hizo mbili pamoja. Tazama masikio kwanza: kwenye selfi yamejificha nyuma ya mashavu, kwenye ile ya mbali yamerudi mahali pake. Tazama paji la uso, tazama pua. Watu wanaokutana nawe sokoni au darasani wanakuona kama ile picha ya pili, si ile ya kwanza.

Sasa fungua kamera ya simu yako uangalie kama kuna kitu kimewashwa bila wewe kujua. Simu nyingi tunazonunua kwa bei nafuu zina sehemu ya kulainisha uso, na nyingine hutoka dukani ikiwa imeshawashwa. Tafuta kialama cha uso wenye nyota au neno Beauty, ushushe mstari wake mpaka sifuri. Usishtuke ukiona vinyweleo na vitundu vya ngozi. Ngozi ya kila binadamu ina vitundu. Google wenyewe mwaka 2020 walitangaza kwamba kwenye simu zao za Pixel ulainishaji wa uso utakuwa umezimwa mpaka mwenye simu auwashe kwa hiari yake, kwa kuwa waliona ubaya wa kumpa mtu uso mwingine bila kumwambia.

Tukija kwenye picha za watu wengine, kazi ni kubwa zaidi. Programu kama Facetune ipo tangu 2013, na inamwezesha yeyote mwenye simu kubana kiuno, kuongeza nyonga, kung'arisha ngozi na kurefusha miguu kwa kuburuta kidole tu. Lakini kidole kikiburuta kiuno huburuta na kilicho jirani. Kwa hiyo usimtazame mtu, tazama vilivyomzunguka. Mlango ulio nyuma yake umenyooka au umepinda pale penye nyonga? Vigae vya sakafu vina mistari sawa? Akiwa amevaa kanga au kitenge, fuata maua: maua ya upande wa kiuno yakiwa yamenyongeka huku ya begani yako sawa, kiuno hicho kimetengenezwa. Linganisha uso na shingo, kisha shingo na mikono. Uso ukiwa na rangi moja na vifundo vya vidole vina rangi nyingine kabisa, hapo pana filta, pana poda, au pana krimu ambayo nitaizungumzia mwishoni.

Kwenye video, zamani tulikuwa na kipimo rahisi: mtu akipitisha mkono mbele ya uso, filta inaruka na uso wa kweli unaonekana kwa nukta moja. Kipimo hicho usikitegemee tena. Mwaka 2023 TikTok ilileta filta iitwayo Bold Glamour, ambayo haikuvunjika hata mtu akijipapasa uso mzima, kwa sababu inauchora uso upya picha kwa picha. Mwishoni mwa 2024 TikTok hao hao walitangaza kuwazuia walio chini ya miaka 18 kutumia baadhi ya filta za kubadilisha sura. Norway tangu 2022 inamlazimisha mtangazaji kuweka alama kwenye picha ya biashara iliyobadilishwa mwili au ngozi, na Ufaransa ilianza na picha za wanamitindo mwaka 2017. Picha nyingi zinazotufikia sisi huku hazina alama yoyote. Ndiyo maana nasisitiza binti awe na jicho lake mwenyewe.

Hatua ya 2: Jua simu yako inakulisha nini

Hatua hii ni fupi lakini usiiruke. Chukua daftari. Kwa wiki moja, kila ukiweka simu chini andika maneno mawili: ulikuwa unatazama nini, na umeinuka ukijisikiaje. "Steti za shoga zangu, kawaida." "Video za mapishi, njaa." "Wadada wa shepu, najiona sifai." Usijirekebishe wiki hiyo, tazama tu kama kawaida yako. Ikiisha, zungushia duara mistari yote iliyokuacha ukijichukia. Utakuta ni kurasa chache, zilezile, zinazojirudia.

Unachokiona kwenye daftari lako, wenye mitandao walishakiona zamani. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, kampuni inayomiliki Instagram, alitoa hadharani nyaraka za ndani za kampuni hiyo. Moja ilisema asilimia 32 ya wasichana wa umri wa kubalehe walieleza kwamba wanapojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwafanya wajisikie vibaya zaidi. Hayo ni maneno ya kampuni yenyewe, si ya mzee anayechukia simu.

Hatua ya 3: Ifundishe simu upya

Mabinti wengi hudhani video zinawajia kwa bahati. Simu inahesabu. Inahesabu umetazama video kwa sekunde ngapi, umerudia mara ngapi, umemtumia nani, umefungua komenti au hukufungua. Hailijui pendo wala chuki. Ukimkodolea macho mdada huku roho inakuuma, kwake ni sawa na umempenda, itakuletea wengine kumi kama yeye. Na ukiandika kwenye sehemu ya kutafuta "jinsi ya kuwa mweupe", hata kama ni udadisi wa usiku mmoja, umejiandikisha darasa la mwezi mzima.

Basi ifundishe. Anza na TikTok. Video ya aina usiyoitaka ikija, ishikilie kwa kidole mpaka menyu itokee, kisha chagua ile ya kusema huvutiwi. Usiimalize kuitazama kwanza. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya mapendeleo ya maudhui: hapo unaweza kuzuia maneno, na unaweza kuanza upya orodha yako yote, uwe kama mtu aliyejiunga leo. Kwenye kuzuia maneno andika yale yanayotumika hasa, kwa tahajia zote unazozijua: shepu, kalio, kung'arisha, mkorogo, kupunguza tumbo. Instagram nayo tangu mwishoni mwa 2024 imeweka njia ya kuanza upya mapendekezo, na tangu 2021 unaweza kuficha idadi ya laiki kwenye picha zako na za wengine. Ficha. Utashangaa moyo unavyotulia usipojua fulani kapata ngapi.

Kwa wenzangu wa Mtwara na Lindi, WhatsApp ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote, maana steti ni za watu unaowajua, na hao ndio wanaouma. Mdada wa Marekani yuko mbali. Mwenzako uliyesoma naye sekondari Masasi, leo kawa mweupe ghafla na kila asubuhi anatupia picha sita, huyo anakukaa kichwani mpaka jioni. Shikilia steti yake, chagua kuinyamazisha. Hataambiwa, urafiki haujavunjika, na ukikutana naye mtasalimiana kama kawaida.

Kupunguza peke yake hakutoshi, simu isipopewa kingine itarudi kulekule. Fuata kwa makusudi watu wanaoonyesha mwili ukifanya kazi: wanariadha, mafundi, wapishi, wauguzi, mabinti wa mpira wa miguu. Fuata wasusi wanaosuka nywele ngumu kama zako. Fuata wanawake weusi tii wanaojipamba kwa rangi hiyohiyo. Mfano mzuri ni Flaviana Matata, binti wa Shinyanga aliyetwaa taji la Miss Universe Tanzania mwaka 2007 akiwa amenyoa kichwa, akaenda kwenye shindano la dunia na kuingia kumi bora. Akiwa mweusi, bila nywele hata unywele mmoja, alifika mbali kuliko wengi waliokwenda na mawigi. Binti wa Nachingwea akimwona mtu kama huyo kila wiki, kichwa kinapata kipimo kingine.

Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili au tatu bila kuchoka. Siku za mwanzo simu itakujaribu, itakuletea za zamani. Ikatalie.

Hatua ya 4: Kata saa

Mwaka 2023 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha vijana 220 wa miaka 17 hadi 25, waliokuwa na dalili za wasiwasi au huzuni na wanaotumia mitandao sana. Nusu yao waliambiwa wasizidishe dakika 60 kwa siku, kwa wiki tatu. Walipopimwa tena, walikuwa wanajisikia vizuri zaidi kuhusu sura na uzito wao, wakati wale wenzao walioendelea kama kawaida hawakubadilika. Hawakupewa dawa, hawakufundishwa kujipenda. Walipunguziwa saa tu.

Dakika 60 unaziwekaje? Kwenye mipangilio ya simu kuna sehemu ya kupima muda, na TikTok yenyewe ina kikomo chake. Ila mimi naamini zaidi katika bando. Nunua la siku badala ya la wiki, lizime kabla hujapanda kitandani. Nyakati mbaya kuliko zote ni mbili, ule wa kitandani usiku na ule wa kuamka, kabla hujanawa uso, maana hapo ndipo unapojilinganisha na mtu aliyeamka saa tatu kabla yako akapakwa poda na kuwekewa taa. Walioko hosteli wakubaliane chumba kizima: simu zichajiwe mbali na vitanda. Ukiwa peke yako utashindwa siku ya tatu.

Hatua ya 5: Mtafute mwenye duka

Kila picha inayokuacha ukijichukia, shuka nayo mpaka chini. Utakuta namba ya simu, bei, au neno "njoo inbox". Msimu wa korosho ukifunguka, kuanzia Oktoba pesa za minada zikishuka Tandahimba, Newala na Ruangwa, wauzaji nao wanaamka: mawigi, krimu za "kung'arisha ndani ya siku saba", vidonge vya kunenepesha sehemu fulani tu ya mwili. Anayekuuzia mara nyingi ni binti kama wewe, ananunua kwa jumla na kutafuta faida kidogo. Hana ubaya moyoni. Lakini hajui kilichomo ndani.

Muulize maswali haya matatu kabla ya kutoa hata shilingi. Kimetengenezwa na kiwanda gani, na jina lake liko wapi kwenye kopo? Kilichomo kimeandikwa? Nikidhurika, narudi kwa nani? Akijibu "wenzio wote wanatumia", hilo ni jibu tosha, funga mkoba wako.

Vidonge vya shepu nivitaje kwa jina, maana vinazunguka sana. Kimoja ni siproheptadini, dawa ya mzio ambayo huleta usingizi na njaa kali. Kingine ni deksamethasoni, steroidi inayovimbisha uso na kunenepesha kiwiliwili huku ikipandisha sukari na shinikizo la damu. Hakuna kidonge kinachojua njia ya kwenda kwenye nyonga na kuacha tumbo. Mwili unaotakiwa kwenye zile video, tumbo la msichana asiyekula na nyonga za mama wa watoto wanne, ni miili miwili iliyounganishwa kwa programu au kwa kisu cha daktari.

Hatua ya 6: Kaa na bibi

Hatua hii wengi wataiona ya kizee. Mimi naiona ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na haihitaji bando.

Nenda kwa bibi yako, Newala, Mikindani, Kilwa, popote alipo, umuulize: enzi zenu mwanamke mzuri alikuwaje? Umakondeni zamani mwanamke mzuri alikuwa na chale usoni zilizochorwa kwa ustadi, na ndonya, kile kipande cha mti kinachopenyezwa kwenye mdomo wa juu. Asiye na ndonya alionekana hajakamilika. Vinyago vya Kimakonde vya zamani vimehifadhi sura hizo, chale na ndonya vyote viko pale kwenye mti. Leo msichana akiambiwa atobolewe mdomo atakimbia. Wale mabibi walikuwa na uhakika na uzuri wao kama wewe unavyodhani una uhakika na wa kwako, na ulipita. Huu wa ngozi ya kioo na kiuno cha nyigu nao utapita, tena haraka zaidi, kwa sababu wauzaji wanahitaji kipya kila mwaka.

Muulize na bibi wa pwani kuhusu liwa, ule mti wa kunukia, lililosagwa kwenye jiwe na kupakwa usoni mchana kutwa ndani ya nyumba. Lilikuwa la kulainisha na kunukia, si la kumfanya mtu awe wa rangi nyingine. Muulize kwa nini mtu akitoka safari alisifiwa "umenawiri", na kwa nini siku hizi neno hilohilo linamfanya binti akimbilie mizani.

Jambo hilo la kunawiri lilipimwa mbali sana na hapa. Visiwani Fiji, mahali ambapo mwili uliojaa ulikuwa heshima, televisheni ilifika eneo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa shule mwaka huo, akarudi 1998. Mwanzoni hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Hiyo ilikuwa televisheni moja sebuleni, inayozimwa. Yetu tunalala nayo.

Hapa nina neno kwa makungwi na masomo, wanawake wanaowafunda mabinti. Unyago ulikuwa shule ya binti kuujua mwili wake mbele ya wanawake anaowaamini. Mwari wa leo anaingia ndani akiwa tayari ameshafundishwa na simu, na anatoka kuirudia. Somo asiyemuuliza mwari wake anatazama nani mtandaoni amefundisha nusu. Hahitaji kujua kutumia TikTok. Amwambie mwari, "Nionyeshe unaowapenda," akae naye, amuulize anachokiona kwao, na asianze kwa matusi.

Hatua ya 7: Jibu maneno ya watu

Simu hupanda mbegu, lakini wanaomwagilia ni sisi wenyewe. Shangazi anakuona arusini, kabla hujamaliza shikamoo anasema mbele ya watu: "Mbona umekuwa mweusi hivi, umeungua?" Usibishane naye pale, ni mkubwa wako na ana watu. Sema, "Marahaba yako sijaipata shangazi, rangi ni ya kwetu hii." Watu watacheka, utapita. Baadaye, mkiwa wawili tu, mweleze taratibu: "Shangazi, ukisema vile mbele za watu naumia." Shangazi wengi hawajui. Wanasema walivyosemewa.

Kwa mchumba ni tofauti. Kijana anayekutumia picha za wadada weupe akuambie "jitahidi uwe hivi" usimjibu kwa utani. Mwambie mara moja, wazi, kwamba hutaki. Akirudia, ameshakuonyesha anakotaka kukupeleka.

Komenti za matusi zisijibiwe. Piga picha ya skrini yenye jina na tarehe, kisha futa na umbloki mtu huyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumnyanyasa au kumuumiza moyo, kwa hiyo anayekuandama kila siku, au anayetishia kusambaza picha zako, mpeleke Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ukiwa na picha hizo mkononi. Nenda na mtu mzima unayemwamini.

Hatua ya 8: Jua mahali simu inapokwisha na hospitali inapoanza

Kujiona vibaya siku moja ni kawaida ya binadamu. Lakini binti akiacha kula na wenzake kwa wiki kadhaa, akijitapisha baada ya ugali, akikataa kwenda shule au chuo kwa sababu ya sura yake, akijitazama kwenye kioo kwa saa nzima au akivifunika vioo vyote, hayo hayatibiwi kwa kuzuia maneno TikTok. Akisema, hata kwa utani, kwamba ni heri asiwepo, usimwache peke yake siku hiyo. Shuleni kuna mwalimu wa malezi, na kwa mtoto namba 116 hupigwa bure. Hospitali ya mkoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, ndiko pa kuanzia. Mama usiogope neno afya ya akili. Ungempeleka akiwa na malaria.

Hatua ya 9: Kama mkorogo umeshaanza

Nimeuona ukichanganywa. Losheni ya kawaida inamiminwa kwenye kopo la plastiki, juu yake zinakamuliwa tyubu za krimu mbili tatu, mara nyingine na maji ya sindano, vinakorogwa kwa kijiko mpaka rangi iwe moja. Kopo halina jina. Wiki mbili za kwanza uso unang'aa, na hapo ndipo wanaponaswa. Kisha vinakuja vipele, nywele za kidevuni, michirizi mapajani na makwapani, ngozi inakuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, na jua letu la kusini linaifanya iwake moto.

Wabaya ni watatu. Zebaki huua rangi ya ngozi na kuumiza figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto aliye tumboni au anayenyonya. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huacha mabaka ya weusi wa bluu, yaani kinyume cha kile ulichonunua, na mabaka hayo ni magumu kutoka. Steroidi kali, kama clobetasol na betamethasone, ni dawa halali ya daktari ambayo mtaani imegeuzwa losheni. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni ni marufuku Tanzania, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Marufuku haijaviondoa vibandani.

Kopo likiwa na maandishi, lisome. Zebaki hujificha kwa majina kama calomel, mercuric, mercurio au mercurous chloride. Kuna na dalili nyingine ambayo wachache wanaijua: maelezo yanayokutahadharisha usiiguse dhahabu, fedha, alumini au mpira. Losheni ya kawaida haina ugomvi na pete yako.

Zebaki iache leo hii. Lakini kama umepaka krimu yenye steroidi kwa miezi, usiiache ghafla peke yako, maana ngozi inaweza kulipuka kwa wekundu, muwasho na kuungua, na wengi hapo hukimbilia kupaka tena. Kwa kuwa kopo lisilo na jina linaweza kuwa na vyote, nenda hospitali wiki hii hii. Mbali na hospitali za mkoa, kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Ndanda kwa walio upande wa Masasi, na Nyangao kwa Lindi. Ukifika omba daktari au mtaalamu wa ngozi. Kama hayupo siku hiyo, uliza anakuja lini.

Usipake poda wala vipodozi asubuhi ya kwenda. Beba kopo lenyewe, na tyubu zote zilizoingia humo kama unaweza kuzipata kwa aliyekukorogea. Andika kwenye karatasi ulianza mwezi gani, unapaka sehemu zipi, mara ngapi kwa siku. Sema kama una mimba, unanyonyesha, au una mtoto anayelala kifuani kwako, kwa sababu huenda na yeye akahitaji kupimwa. Mpaka siku hiyo ifike, jifunike kanga au vaa kofia jua likiwa kali, osha kwa sabuni isiyo na manukato, na usiruhusu mtu akuuzie krimu ya kurudisha rangi.